Timu Yenu Imefungwa: Mwongozo Kamili wa Wiki Moja, Kuanzia Filimbi ya Mwisho Hadi Mechi Inayofuata

Katika mashindano ya mtoano yenye timu 32, timu 31 zitaaga kwa kufungwa. Hesabu hiyo kila mtu anaijua. Lakini nenda Mwembeyanga, nenda Kinesi, nenda kiwanja chochote cha Mbagala au Tandale siku ya mechi kubwa ya mtaa, uone timu zinavyojiandaa. Jezi zimefuliwa, pesa ya waamuzi imechangwa, gari la mashabiki limekodiwa, ngoma na mavuvuzela yapo. Cha kufanya kama mkifungwa hakijazungumzwa na mtu. Basi kipigo kinaikuta timu haina mpango, na kabla giza halijaingia kipa ameshatukanwa, nahodha ameshasema anaacha mpira na kocha amezima simu.

Mwongozo huu ni wa makocha, manahodha na wazazi wa vijana wanaocheza mpira wa mchangani Dar es Salaam, hasa wale wa miaka 14 hadi 20. Anayefundisha netiboli, ngumi au riadha naye atapata cha kuchukua. Msimamo wangu ni mmoja: kipigo ni cha timu nzima, na kinapaswa kubaki cha timu nzima mpaka mmekaa mkakichambua. Timu ikimtwisha mtu mmoja kipigo usiku uleule wa mechi, hao wengine wote wanalala wakijiona hawana cha kurekebisha. Ujasiri ninaouzungumzia humu ni wa kukataa njia hiyo fupi, na unahitaji mpangilio kuliko maneno makali.

Kabla ya mechi

Waambie vijana waziwazi kwamba mnaweza kufungwa. Wapo makocha wanaoona kusema hivyo ni kuitakia timu mkosi; mimi naona ni kuwaheshimu wachezaji. Kijana wa miaka 16 anajua kufungwa kupo. Asichokijua ni kama wewe mwalimu wake utampokea akifungwa, na kulijua hilo ndiko kunakompa moyo wa kuomba mpira dakika za lala salama, wakati wenzake wanajificha nyuma ya mabeki wa wapinzani.

Kisha mkubaliane mambo manne, yaandikwe kwenye daftari la timu. Anayezungumza na refa ni nahodha peke yake. Wapigaji watano wa penalti wanajulikana kwa majina na kwa zamu kabla ya siku ya mechi, na kila mmoja amekubali mwenyewe bila kusukumwa. Baada ya filimbi ya mwisho, mmeshinda au mmefungwa, wote mnakutana kwenye benchi lenu. Na kundi la WhatsApp linafungwa, viongozi tu ndio wanaotuma ujumbe, mpaka kesho yake jioni. Hili la nne wengi hulidharau, na ndilo linaloziponza timu nyingi.

Hatua ya 1: Dakika kumi baada ya filimbi

Anza na miili. Nani anachechemea? Nani alipigwa kichwani? Kwenye viwanja vyetu vya vumbi vigumu, mchezaji aliyegongana kichwa na mwenzake au aliyeanguka akapiga kisogo hapaswi kurudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Mtazame jioni yote. Akitapika, akichanganyikiwa, akiona vitu viwili viwili, akilalamika kichwa kinazidi kuuma au akipata usingizi usio wa kawaida, apelekwe hospitali usiku huohuo: Amana, Temeke, Mwananyamala, iliyo karibu. Usisubiri kukuche. Wengine wapewe maji na kivuli. Joto la Dar, hasa la Desemba hadi Machi, humchosha mtu kiasi cha kushindwa kufikiri vizuri, na hasira nyingi za baada ya mechi huchochewa na kiu na njaa.

Pili, mikono. Nahodha anatangulia, timu nzima inafuata: wapinzani, kisha waamuzi. Mchezaji aliyekasirika sana msimamishe katikati ya mstari, wenzake wawili mbele na wawili nyuma, asibaki peke yake na refa.

Tatu, maneno, na yawe machache. Hotuba ya dakika ishirini baada ya kipigo haimfikii mtu. Sema kitu kama hiki: “Vijana, tumefungwa. Leo wametuzidi. Hapa hatumlaumu mtu. Jumanne saa kumi jioni tunakutana kiwanjani, kila mtu aje na karatasi yake. Kunyweni maji, tunarudi pamoja.” Basi. Anayelia mwache alie. Kumwambia kijana kwamba mwanaume halii hakumkaushi machozi, kunamfundisha tu kwenda kulilia mahali usipomwona. Kocha msaidizi akae naye. Na shabiki akichomoa simu kumrekodi, mwondoe kistaarabu lakini mwondoe.

Rudini pamoja kweli. Kama mlikuja kwa daladala, mpande moja. Kama mlikuja kwa miguu, mtembee kundi moja mpaka mtaani. Mchezaji aliyekosa penalti akiondoka peke yake kwa bodaboda, maneno ya mtaani yatamfikia kabla ya maneno yenu.

Hatua ya 2: Usiku wa kwanza, na maneno matatu ya kuyazuia

Hapa ndipo mambo mengi huharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Neno la kwanza ni “kauza”. Timu ikifungwa mechi iliyotakiwa kushinda, mtu lazima atasema kipa au beki kala pesa. Neno hilo likishatoka halirudi. Kijana anaweza kuitwa msaliti mtaani kwake miaka mingi kwa sababu mpira ulidunda kwenye tuta la mchanga ukamponyoka. Kocha, mpigie simu kijana huyo wewe mwenyewe, jioni ileile, na uzungumze na mzazi wake pia: “Shikamoo mama. Mimi mwalimu wa mpira. Leo tumefungwa, na huko mtaani utasikia maneno. Naomba ujue mimi na viongozi wenzangu hatuna neno lolote na kijana wako.” Simu ya dakika tatu tu. Kama kuna ushahidi wa kweli kwamba mechi imeuzwa, upelekwe kwa viongozi wa mashindano kwa maandishi, na kijana asikilizwe akiwa na mzazi au mlezi wake. Kundi la WhatsApp si mahali pa kesi.

Neno la pili ni “refa”. Inawezekana kabisa refa amekosea. Andika: dakika ya ngapi, alitoa uamuzi gani, nani alikuwa karibu. Kama kanuni za mashindano zinaruhusu rufaa, ikateni kwa utaratibu na ndani ya muda. Baada ya hapo lifungeni faili hilo. Sisemi hivyo kwa sababu dhuluma haipo. Nasema hivyo kwa sababu hakuna mazoezi ya Jumatano yanayoweza kumrekebisha refa. Katika mechi mliyofungwa tatu kwa moja, penalti ya utata ni bao moja. Hayo mawili mengine yalitoka wapi?

Neno la tatu ni uchawi. Mpira wetu unalijua jambo hili vizuri, na kila timu ina wazee wake wa ile kamati ambayo mtaani huitwa ya ufundi. Usiwakejeli, maana wengine ni watu wazima wanaoipenda timu kwa moyo wote na ndio wanaochangia nauli. Ila simama imara. Kijana akishaambiwa goli lilifungwa kwa dawa, amenyang’anywa uwezo wa kulirekebisha: hatajiuliza kwa nini alichelewa kurudi, na mechi ijayo ataingia akitazama pembe za kiwanja badala ya winga anayemkaba. Waombe wazee kwa heshima mchango wa dawa ununue mipira na bandeji. Hoja hiyo ukiisema kwa upole, mbele ya watu wachache, husikilizwa zaidi kuliko ukigomba hadharani.

Mzazi naye ana zamu yake usiku huo. Kijana akiingia nyumbani, usianze na “mmefungwa ngapi?” na wala usimkumbushe kwamba ulishamwambia aache mpira asome. Mpe pole, mpe maji ya kuoga na chakula, mwache alale. Akitaka kuzungumza, atazungumza mwenyewe, pengine kesho akiwa anafua soksi. Wazazi wengi huniambia hawaujui mpira, hivyo hawana la kumwambia. Kauli kama “nimefurahi umerudi salama, mwanangu” haihitaji kuujua mpira.

Hatua ya 3: Siku inayofuata, kila mtu na karatasi yake

Kabla ya kukutana, kila mchezaji aandike peke yake, asimwonyeshe mwenzake. Maswali ni matatu: Wapinzani walifanya nini vizuri? Mimi nilifanya nini ambacho nikirudia tena nitakifanya vilevile? Mimi nilifanya nini ambacho ningekibadilisha? Hakuna swali linalomhusu mchezaji mwingine. Asiyeweza kuandika vizuri aseme kwa sauti kwa kocha msaidizi.

Kocha, kazi yako siku hiyo ni kuyafuatilia mabao. Chukua kila bao mlilofungwa na urudi nalo nyuma, kutoka wavuni mpaka mahali mpira ulipopotelea kwenu. Tuseme mmefungwa kwa kichwa, krosi ya upande wa kulia, na watu wote wanasema kipa hakutoka. Rudi nyuma. Krosi ilipigwa na mtu aliye huru. Kwa nini alikuwa huru? Beki wa kulia alikuwa amepanda. Kwa nini kiungo hakumfunikia? Alikuwa amebaki mbele akilalamikia faulo. Mpira ulipotea wapi? Kwenye mpira wa kurusha wa kwenu wenyewe, uliorushwa haraka kwa winga aliyekuwa amezungukwa na watu wawili. Sasa hesabu: watu wanne wameshiriki kabla ya kipa kuguswa na jambo hili. Kipa ndiye aliyeonekana kwa sababu bao huingilia kwake.

Andika pia dakika ya kila bao. Mechi za vijana zina saa zake za hatari: mara tu baada ya kufunga, mwisho wa kipindi cha kwanza, na dakika kumi za mwisho. Hata wakubwa huumia hapo. Tarehe 28 Mei 2023, fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga walikuwa nyuma kwa bao moja mbele ya USM Alger. Fiston Mayele akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, uwanja ukalipuka, na muda mfupi tu baadaye Waalgeria wakafunga la pili. Wiki iliyofuata Yanga walikwenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla ikawa 2-2, na kombe likaondoka kwa kanuni ya bao la ugenini: jumla ikilingana, anashinda aliyefunga mengi ugenini. Yanga hawakuzidiwa kwa jumla ya mabao katika fainali ile. Walipoteza dakika chache baada ya furaha yao wenyewe, na dakika za namna hiyo zinafanyiwa mazoezi, kama nitakavyoonyesha.

Kama kuna aliyerekodi mechi kwa simu, itazame mwenyewe kwanza, peke yako, bila ya vijana. Usiionyeshe yote. Chagua vipande viwili au vitatu visivyomdhalilisha mtu.

Hatua ya 4: Mkutano wa Jumanne

Kaeni duara, chini ya mti au kwenye kivuli cha ukuta, mmekaa wote chini, kocha naye. Dakika 45 zinatosha. Viongozi wa timu waje wawili tu. Mashabiki wabaki mbali.

Anayeanza kuzungumza ni mchezaji mdogo kuliko wote, na nahodha azungumze karibu na mwisho. Malezi yetu yanamfundisha mdogo kutompinga mkubwa, jambo jema nyumbani, lakini kwenye mkutano huu litawanyima mengi. Nahodha akishasema tatizo lilikuwa kiungo, wadogo wote watasema kiungo. Yule wa miaka 15 aliyekaa benchi mechi nzima huwa ameona vitu ambavyo nyinyi mliokuwa ndani hamkuviona.

Anzeni na wapinzani. Wasifieni kwa mambo halisi: “Namba sita wao alikuwa anageuka kabla mpira haujamfikia.” “Walikuwa wanarudi wote tukichukua mpira.” Vijana wengi hawapendi sehemu hii, na kwangu ndiyo inayohitaji moyo kuliko zote. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na kukubali kwenyewe maana yake ni kuweza kutaja kwa jina kile mwenzako alichokuzidi. Ukishakitaja unaweza kukiiga, au kujipanga dhidi yake.

Ndipo mje kwenu. Kanuni ni kutaja tendo na dakika, si tabia ya mtu. “Dakika ya thelathini tulichelewa kurudi” inakubalika. “Wewe mvivu” haikubaliki, hata kama aliyesema ni kiongozi. Mtu akianza kumshambulia mwenzake, mkatishe palepale na umwombe aanze upya kwa neno “mimi” au “sisi”. Mwisho kabisa azungumze kocha, na aanze na lake: mabadiliko aliyoyachelewesha, mchezaji aliyemweka nafasi isiyo yake. Vijana wakimwona mwalimu wao anajichambua mbele yao, wataacha kujitetea.

Msitoke na orodha ndefu. Chagueni mambo mawili ya kufanyia kazi wiki hii, yaandikwe kwenye daftari. Timu inayotoka na mambo tisa haifanyi hata moja.

Hatua ya 5: Geuza maneno kuwa mazoezi

Mkutano usiozaa mazoezi ni kijiwe. Hii hapa ni mifano mitatu ninayoiamini kwa viwanja vyetu. Fanyeni kuanzia saa kumi na moja jioni jua likipungua ukali, au alfajiri kwa ambao hawaendi shule siku hiyo.

*Dakika tatu baada ya bao.* Gawa timu mbili zicheze mechi ya kawaida. Kila timu ikifunga, kocha anabonyeza saa ya simu. Ikifungwa ndani ya dakika tatu, bao lake linafutwa. Utaona mara ya kwanza wanashangilia, wanajisahau, wanafungwa. Baada ya siku mbili utasikia wenyewe wakiitana: “Rudini! Rudini! Nafasi!” Sauti hiyo ndiyo unayoitafuta. Usiwakataze kushangilia, wafundishe kurudi kwenye nafasi zao kabla mpira haujaanza.

*Penalti za miguu mizito.* Kupiga penalti mwanzoni mwa mazoezi, miguu ikiwa mipya, hakufundishi kitu. Wazipige mwishoni, wakiwa wamekimbia. Mpigaji atoke katikati ya uwanja peke yake, atembee mpaka kwenye alama ya mita 11, wenzake wakipiga kelele na kumzomea. Kabla hajaanza kutembea amnong’oneze kocha upande anaopiga, na akifika asibadilishe. Wengi wa wanaokosa hubadilisha mawazo wakiwa njiani, wakimwona kipa amesogea. Mpira uliopigwa kwa nguvu hufika golini chini ya nusu sekunde, kwa hiyo penalti ya chini, ya pembeni, iliyoamuliwa mapema, inamwacha kipa na nafasi ndogo hata akiotea upande.

*Krosi na kona.* Kama mlifungwa kwa vichwa, pigeni krosi ishirini kila siku, kipa akiwa na neno moja tu la kuita anapotoka, na mabeki wakiwa na wajibu mmoja tu wakilisikia: kumpisha na kuziba goli. Wakati wa masika kiwanja kikijaa maji mpira hukwama kwenye madimbwi, basi fanyeni hili upande ulio mkavu, au mfundishane kwa kutembea bila mpira, kila mtu akijua anasimama wapi.

Hatua ya 6: Kama kipigo kilikuwa kizito

Kufungwa moja kwa bila kuna maumivu yake. Kufungwa tano au saba kunaleta aibu, na aibu huwafanya vijana wasije mazoezini kabisa. Siku hizo nawakumbusha msimu wa Simba wa 2018/19 katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2019 walifungwa 5-0 na AS Vita kule Kinshasa. Wiki mbili baadaye wakafungwa 5-0 tena na Al Ahly, Misri. Mabao kumi katika mechi mbili, nchi nzima ikiwacheka. Tarehe 12 Februari Al Ahly wakaja Dar, na Meddie Kagere akafunga bao pekee. Machi wakawafunga AS Vita 2-1 hapahapa nyumbani, wakaingia robo fainali.

Lichunguze kundi lile ujifunze. Simba walifunga mabao 6, wakafungwa 13, na bado wakamaliza wa pili kwa pointi 9, nyuma ya Al Ahly waliokuwa na 10. Katika ligi au makundi, kufungwa tano kunakugharimu pointi zilezile tatu za kufungwa moja. Kwa hiyo timu iliyopigwa tano ina deni la aibu lakini haina deni kubwa la pointi, na mwalimu anapaswa kuwaonyesha vijana hesabu hiyo ubaoni, kwa chaki, siku ya mkutano. Kwenye makundi ya mashindano ya mtaa hesabu ni ileile: kaeni chini mwone mnahitaji nini katika mechi zilizobaki.

Na pia waambie ukweli kwamba safari nyingine ni ndefu. Novemba 2015 Taifa Stars walitoka sare ya 2-2 na Algeria hapa Dar, na siku tatu baadaye wakafungwa 7-0 ugenini. Mwaka 2019 walifuzu Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980, wakapoteza mechi zote tatu kule Misri. Fainali zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024 wakapata sare mbili, na Zambia na DR Congo, kisha wakatolewa. Pointi sifuri, halafu pointi mbili. Kwa aliyetaka kombe hicho ni kidogo. Kwa anayejenga timu, hiyo ni hatua inayoonekana.

Hatua ya 7: Anayecheza peke yake

Mwanariadha na bondia hawana wenzao wa kugawana nao kipigo, kwa hiyo kocha ndiye timu yao yote. Karibu kila Mtanzania amesikia habari za John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, akaumia goti na bega, na akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, goti likiwa limefungwa bandeji. Tunaishia hapo tukiisimulia. Mimi huwaomba makocha waendelee mbele: mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni tena akashika nafasi ya tano. Alipona, akarudi mazoezini, akapambana na wakimbiaji bora. Sehemu hiyo ndiyo kijana anayoweza kuiga.

Lakini kijana asiige kukimbia na goti lililoumia. Akhwari alikuwa mtu mzima aliyejiamulia mwenyewe katika mbio za maisha yake. Kijana wa miaka 15 anayeficha maumivu ili asitolewe anahatarisha goti atakalolihitaji miaka hamsini ijayo, na kocha anayemsifu kwa hilo anamkosea. Tengeneza mazingira ambayo kusema “mwalimu, naumia” hakumpotezei mtu namba yake.

Kwa anayeona mwaka mmoja mbaya ni mwisho wake, kuna Alphonce Simbu. Shaba ya dunia London 2017, nafasi ya 17 kwenye Olimpiki ya Paris 2024, kisha Septemba 2025 mjini Tokyo akawa bingwa wa dunia wa marathoni, akimpita Mjerumani Amanal Petros mwishoni kabisa, wote wakiandikiwa muda wa 2:09:48 na picha ndiyo ikaamua. Kati ya Paris na Tokyo ilipita miezi kumi na mitatu.

Hatua ya 8: Anayebaki nyuma

Wiki ikiisha, wengi watakuwa wamesharudi kucheka. Mtazame ambaye hajarudi. Aliyekosa penalti akianza kuchelewa mazoezini, akikaa mbali na wenzake, akijitoa kwenye nafasi zote za kupiga mpira, usimngojee ajirekebishe. Mpe kazi ndogo inayomfanya ahitajike: apige kona mazoezini, awafundishe wadogo kukaba. Penalti usimnyang’anye moja kwa moja. Mwambie akiwa tayari aje aombe, na mpaka hapo anaendelea kupiga mazoezini kama wengine.

Ikipita wiki mbili kijana hali chakula vizuri, hapati usingizi, haendi shule, hataki kuonana na watu, hilo limevuka mpira. Zungumza na mzazi wake ana kwa ana, na mwende naye hospitali. Hospitali za rufaa za mkoa huweza kuwaelekeza, na Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili. Akitamka kwamba anatamani kufa au kwamba hana haja ya kuishi, usimwache peke yake, mpelekeni siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Kukutana tena na waliowafunga

Usiwakimbie. Ndani ya mwezi mmoja au miwili, mpigie mwalimu wao, mwombe mechi ya kirafiki. Wengi hukubali, hasa kama mlipeana mikono vizuri siku ile. Kabla ya mechi, fungueni daftari msome yale mambo mawili mliyochagua, na msichague mengine. Kama lilikuwa la kurudi kwenye nafasi baada ya kufunga na la kuzuia krosi, mteue mchezaji wa akiba ahesabu: mara ngapi tulirudi kwa wakati, krosi ngapi zilipigwa na mtu aliye huru. Mnaweza kufungwa tena huku krosi hizo zikiwa zimepungua kutoka nane hadi mbili, na hilo vijana waonyeshwe kwa namba.

Baada ya mechi mwombe mwalimu wa upande wa pili, kwa heshima, aseme mbele ya vijana wako jambo moja aliloliona limebadilika na moja ambalo bado. Vijana humsikiliza mpinzani kuliko wanavyonisikiliza mimi. Kisha fungua ukurasa mpya wa daftari hapohapo kiwanjani na uandike tarehe, matokeo na dakika za mabao, kabla watu hawajaanza kusimulia.